Tukimwita Mbrazili, tujue tunamwitia kazi gani

Kwa Mhariri,

Kila klabu ya hapa nchini inapotangaza kwamba kocha mpya anatoka Brazil, vijiweni Kondele na kando ya uwanja wa Moi hapa Kisumu neno huwa moja: sasa tutaona chenga. Sifa hiyo humtangulia Mbrazili kokote aendako, na mara nyingi ndiyo inayomponza. Atafika, atapanga viungo wawili wakabaji, atashinda bao moja kwa nunge, na jukwaa litamzomea kwamba huyu si Mbrazili halisi. Wanaozomea hawajaitazama kazi ya makocha wa Brazil waliozunguka dunia. Nitamchukua mmoja, Carlos Alberto Parreira, kwa kuwa safari yake ilianzia Afrika na timu ya mwisho aliyoiongoza kwenye Kombe la Dunia ilikuwa ya Afrika.

Parreira alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1943. Hakuwahi kucheza soka ya kulipwa. Alisomea mazoezi ya viungo. Mwaka 1967, akiwa na miaka 24, alikuwa Ghana akinoa timu ya taifa. Miaka mitatu baadaye alikuwa Mexico, kwenye Kombe la Dunia la 1970, katika benchi la Mário Zagallo, kocha wa Brazil, na kazi yake haikuwa kupanga kikosi. Alikuwa mmoja wa watu wa mazoezi ya mwili pamoja na Admildo Chirol na Cláudio Coutinho. Dunia inamkumbuka Pelé wa mwaka huo, na ni haki yake, lakini hesabu ya mabao nayo ina lake la kusema. Brazil ilifunga mabao 19 katika mechi 6, na 12 kati ya hayo yaliingia kipindi cha pili. Kwenye fainali na Italia timu zilikwenda mapumzikoni zikiwa 1-1. Kisha Gérson akafunga dakika ya 66, Jairzinho ya 71, mchezaji Carlos Alberto Torres ya 86. Kweli, Waitalia walikuwa wametoka kucheza dakika 120 na Ujerumani Magharibi siku nne kabla. Hata hivyo, Brazil ilikuwa imewamaliza wapinzani kipindi cha pili tangu mechi ya kwanza.

Mechi tano za kwanza za Brazil zilichezwa Guadalajara, mji ulio mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko juu kuliko hapo, karibu mita 1,850, ilhali Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi. Kwa hiyo timu ya huku ziwani inayopanda kwenda uwanja wa Afraha kule Nakuru inapanda mita 700, na kocha asiyelijua hilo atadhani vijana wake wamelala disko.

Kifaa kikuu cha Coutinho mwaka ule kilikuwa kipimo cha Cooper, kilichobuniwa na daktari Mmarekani Kenneth Cooper: mchezaji anakimbia dakika 12, unapima umbali aliofika. Hakihitaji mashine, na hata timu ya mtaa inaweza kukifanya, ila wengi hukifanya ovyo. Pima uwanja kwa utepe, usihesabu hatua. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346. Wa shule wenye mita 100 kwa 60 una mita 320. Kosea hapo, na kila utakachoandika baadaye ni uongo. Weka koni tatu tatu kila kona ili mtu asikate. Anayekata kona mita 3 kabla na kujiunga mita 3 baada yake anaiba karibu mita 1.8, kona nne mara mizunguko minane, hizo ni mita zaidi ya 50 za bure. Simamisha mtu mmoja wa kuhesabia wachezaji watano, asizidishe. Filimbi ya mwisho ikilia kila mmoja asimame pale pale alipo, kisha upime kutoka kona aliyoipita. Kiungo au beki wa pembeni wa ligi anapaswa kukaribia mita 3,000. Ukitaka kujua matumizi yake ya oksijeni, toa 504.9 kwenye umbali, halafu gawa kwa 44.73: mita 3,000 zinakupa 55.8, mita 2,400 zinakupa 42.4, yaani mililita kwa kila kilo ya mwili kwa dakika.

Kisumu fanya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza, na ukirudia wiki sita baadaye iwe saa ile ile, uwanja ule ule. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisha, maana matope yanakula mita nyingi kuliko uchovu. Usifanye siku inayofuata mechi. Wala usilinganishe namba za Kisumu na za Nakuru, maana kule juu kila mtu hushuka kidogo. Kipimo hiki kinasema nani ana pumzi. Hakisemi nani ana mbio za mita 20, kwa hiyo kumwacha winga mwenye kasi kwa sababu alipata mita 2,600 ni ujinga.

Baada ya Mexico, Parreira alikwenda Kuwait, kwanza akiwa msaidizi wa Zagallo, kisha mwenyewe. Akashinda Kombe la Asia mwaka 1980 na kuifikisha nchi hiyo ndogo Kombe la Dunia la 1982 nchini Uhispania. Mwaka 1984 aliipa Fluminense ubingwa wa Brazil, mwaka 1988 akaipa Saudi Arabia Kombe la Asia, na mwaka 1990 alikuwa Kombe la Dunia la Italia akiinoa Falme za Kiarabu. Mashabiki wetu wangemtimua mapema sana: Kuwait ilipata sare moja tu kule Uhispania, Falme za Kiarabu zikafungwa zote tatu. Ukijumlisha mechi zake za Kombe la Dunia nje ya Brazil, yaani Kuwait, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Afrika Kusini, ni mechi 11, na alishinda moja tu: Afrika Kusini 2, Ufaransa 1, pale Bloemfontein mwaka 2010. Kichwa kilikuwa kile kile kilichotwaa kombe mwaka 1994. Wasimamizi wa klabu zetu wanaodhani kocha atageuza kikosi kibovu kwa mwezi mmoja waiweke namba hiyo ukutani.

Sasa mwaka 1994, Parreira akiwa kocha wa Brazil, ambao ndio kiini cha barua hii. Safari ilianza kwa aibu. Julai 1993 Brazil ilifungwa 2-0 na Bolivia kule La Paz, mara yake ya kwanza kupoteza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Nchi nzima ilitaka Parreira aende, na ilimtaka Romário, ambaye kocha alikuwa amemweka kando. Septemba alimwita kwa mechi ya mwisho dhidi ya Uruguay pale Maracanã. Romário akafunga yote mawili. Kocha mwenye kiburi angeshikilia msimamo wake hadi azame nao.

Kwenye Kombe la Dunia kule Marekani kikosi kilisimama hivi: Taffarel golini, Jorginho, Aldair, Márcio Santos na Leonardo nyuma, Mauro Silva na Dunga katikati, Mazinho na Zinho pembeni yao, Bebeto na Romário mbele. Mashindano yalianza Raí akiwa nahodha mwenye jezi namba 10. Hakung'ara, Mazinho akachukua nafasi yake na Dunga akavaa utepe. Fikiria kumweka benchi namba 10 wa Brazil katikati ya Kombe la Dunia! Mechi 7, mabao 3 tu ya kufungwa: moja la Sweden, mawili ya Uholanzi. Dhidi ya Marekani, Leonardo alitolewa kwa kadi nyekundu kwa kumpiga Tab Ramos kiwiko kabla ya mapumziko. Wakiwa kumi walishinda kwa bao la Bebeto. Nusu fainali Sweden walijifungia nyuma hadi dakika ya 80, Jorginho akapiga krosi kutoka kulia, na Romário, mtu mwenye urefu wa mita 1.68, akaruka katikati ya mabeki warefu na kufunga kwa kichwa. Fainali ilikuwa 0-0, wakawashinda Italia kwa penalti 3-2.

Wabrazili wenyewe walinung'unika kwamba hiyo si soka yao. Lakini itazame krosi ile ya Jorginho. Beki wa kulia yuko mbele kabisa, na hakuna anayeogopa shambulizi la kushtukiza, kwa sababu Mauro Silva ameshashuka na kukaa kati ya Aldair na Márcio Santos. Mabeki wawili wa kati wamekuwa watatu. Hapo ndipo uhuru wa mabeki wa pembeni ulipotoka, na hapo ndipo timu nyingi za huku hukwama: zinaiga kupanda kwa mabeki, zinasahau kushuka kwa kiungo.

Zoezi la kufundisha jambo hili halina gharama. Chukua mabeki wanne na viungo wanne, nusu ya uwanja. Mabeki waachane mita 8 hadi 10, na kati ya safu ya mabeki na ya viungo kuwe na mita 10 hadi 12. Simamisha wachezaji watano mbele yao, wapitishiane mpira kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kushambulia. Dakika 10 za kwanza ni kutembea tu: mpira ukienda kulia, nane wote wanasogea kulia, beki wa kushoto anaingia hadi mkabala na mlingoti wa mbali. Baadaye ongeza kasi, dakika 4 kazi, 2 kupumzika, mara nne. Piga filimbi ghafla, wote wasimame, waangalie walipo. Mara nyingi utamkuta kiungo mkabaji amefuata mpira hadi kwenye chaki ya pembeni, na mbele ya mabeki wa kati pamebaki shimo la kuegesha matatu. Usimkemee kwa kukimbia. Mwambie mpira wa pembeni ni wa beki na winga, yeye kazi yake ni kulinda mlango. Kosa la pili ni mabeki wote wawili kupanda pamoja. Wafunge kwa maneno: wa kulia akipita nusu ya uwanja, wa kushoto anabaki, hadi watakapozoea ndipo kiungo afundishwe kushuka. Ukianza na la mwisho utachanganya timu nzima, na viwanja vyetu vyenye mabonde havisamehe pasi iliyopotea hapo katikati.

Parreira mwenyewe alipoiacha kanuni hiyo aliumia. Mwaka 2006, akiwa tena kocha wa Brazil na tayari ametwaa Copa América ya 2004 na Kombe la Mabara la 2005, alikwenda Kombe la Dunia la Ujerumani na Ronaldinho, Kaká, Adriano na Ronaldo kwa pamoja, huku Cafu akiwa na miaka 36 na Roberto Carlos 33. Kambi ya Weggis, Uswisi, ilikuwa na mashabiki waliolipa kiingilio kutazama mazoezi. Robo fainali na Ufaransa alimtoa Adriano na kumwingiza Juninho Pernambucano, mpango ambao timu haikuwa imeucheza vya kutosha. Dakika ya 57 Zidane alipiga mpira wa adhabu, Roberto Carlos ameinama pembezoni mwa eneo la hatari, Thierry Henry akaukuta mpira kwenye mlingoti wa mbali akiwa peke yake, akafunga. Mwaka 1998 Wasaudi walikuwa wamempiga kalamu baada ya mechi mbili tu, na Ufaransa hiyo hiyo ndiyo iliyomchapa 4-0.

Sisi tumewapata Wabrazili wetu. Zé Maria, beki wa kulia wa zamani wa Parma na Inter, aliinoa Gor Mahia kuanzia 2016. Ligi ikaisha timu ikiwa ya pili nyuma ya Tusker, na mwaka uliofuata akaenda Albania. Roberto Oliveira, yule Robertinho, alifika Gor Mahia 2020 na suala la leseni likamzuia kwenye mechi za CAF, shirikisho la soka la Afrika. Huyo huyo akaenda Vipers ya Uganda, akatwaa ligi na kuing'oa TP Mazembe kwa penalti mwaka 2022, kisha Simba wakamchukua. Wale waliosema hajui kazi walipaswa kusema karatasi zake hazikukaguliwa mapema.

Kwa hiyo mwenye klabu, iwe ya Kisumu, Kakamega au Nakuru, kabla ya kwenda uwanja wa ndege na maua, atume leseni CAF ikakaguliwe, angalau miezi miwili kabla ya mechi za bara. Amuulize kocha anakuja na mtu gani wa mazoezi ya mwili, maana Mbrazili asiyekuwa na mtu huyo anakuja na nusu ya mkoba. Amwekee msaidizi wa hapa anayejua kila mchezaji kwa jina na jeraha, ambaye atabaki na daftari la vipimo kocha akiondoka. Na katika mkataba aandike wiki sita za maandalizi kabla ya ligi, si mbili, kwa sababu kipimo cha Cooper cha wiki ya kwanza hakina maana bila cha pili cha kulinganishia.

Mpenzi wa soka,
Kondele, Kisumu