Mwanao wa miaka mitatu hana daftari, basi tunamfundisha nini?

Mwezi Machi mwaka jana mama mmoja alinisimamisha getini. "Mwalimu, samahani. Mtoto ana miezi miwili hapa na sijaona daftari lake. Mtoto wa jirani, umri huo huo, ameshaandika a, e, i, o, u." Nikamkaribisha ndani. Mwanawe alikuwa amekaa mkekani na wenzake watatu, wanachambua mchicha wa chakula cha mchana.

Nikamwambia hapo ndipo kuandika kunapoanzia. Naandika hapa yale niliyomweleza, kwa sababu najua wazazi wengine pia wanalipa ada huku wakijiuliza swali hilo hilo.

Mtazame mtoto anavyochambua mchicha. Mkono mmoja umeshika bua, wa pili unachuma jani kwa kidole gumba na cha shahada. Akivuta kwa nguvu jani linachanika, akilegeza halitoki. Mikono miwili inafanya kazi mbili tofauti, na jicho linaisimamia yote. Siku ya kuandika itakuwa hivyo hivyo: mkono mmoja utatuliza daftari, mwingine utaongoza penseli kwa nguvu ya kadiri, karatasi isitoboke.

Halafu kuna suala la mwili wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa 8 midogo. Mtoto anapozaliwa, yote bado ni gegedu laini. Inageuka mfupa mmoja baada ya mwingine kadiri anavyokua, na wa mwisho kwa kawaida huanza kugeuka kati ya miaka 8 na 12. Misuli midogo ya vidole nayo bado haijakomaa, kwa hiyo mtoto wa miaka 3 ukimpa penseli mara nyingi anaikamata kwa ngumi kama mwiko wa ugali, na anaandika kwa bega zima. Mistari miwili tu, mkono umechoka. Nimewahi kupokea watoto wa miaka 5 ambao wakiona daftari wanaficha mkono chini ya meza. Inaniuma sana, maana kumrudishia mtoto huyo hamu ya kuandika ni kazi ndefu kuliko kumwanzisha upya.

Sasa siku yetu ilivyo. Mtoto akifika anavua viatu mwenyewe na kufungua vifungo vyake mwenyewe. Mzazi, najua unawahi kazini au sokoni, lakini tafadhali usimfungulie. Mwache na mwalimu, atamaliza. Baada ya uji wanakanda donge la unga wa ngano, chumvi, maji na mafuta kidogo. Wanaviringisha, wanabana, wanakatakata. Kiganja kinapata nguvu bila mtu kumwambia afanye mazoezi. Wakichafua leso wanazifua kwenye beseni, wanazikamua na kuzianika kwenye kamba iliyo usawa wao kwa vibanio. Mimi kibanio cha nguo nakipenda kuliko kifaa chochote cha dukani, kwa kuwa kukiminya kunatumia vidole vile vile vitakavyoshika penseli. Msimu wa machenza ya Muheza kila mmoja anamenya lake. Wakubwa wa miaka 5 tunawapa miyaa mitatu wasuke kama nywele, na anayeshindwa leo anaachiwa aendelee kesho.

Chaki tunazivunja makusudi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimu mtoto atumie ncha za vidole. Ubao wetu umesimama ukutani kimo cha mtoto, na anapochora akiwa amesimama kifundo cha mkono kinajikunja kwa nyuma, mkao unaofaa kuandikia. Kwa hiyo penseli za rangi zilizobaki vipande huko nyumbani msizitupe.

Herufi zipo pia. Wanazichora kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Njia ya kupitia kidole kwanza si yetu. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwezi Januari 1907, alikata herufi kwenye karatasi ya msasa ili watoto wazipapase kabla ya kuziandika. Sisi mchanga tunao bure.

Niseme na hili la mkono wa kushoto. Mtoto akila tunamfundisha adabu ya mkono wa kulia kama nyumbani. Lakini anayechora kwa kushoto hapa kwetu hapigwi kofi la mkono wala habadilishwi, na tunaomba nyumbani iwe hivyo. Tunamwekea karatasi ikiwa imeinama upande wa kulia, na mkasi wa kushoto tunao.

Kuhusu usalama: maharage, shanga na vizibo haviingii chumba cha walio chini ya miaka 3. Kwa wakubwa vinahesabiwa kabla na baada, na mwalimu amekaa nao mkekani. Harage likiingia puani linavimba, kwa hiyo hatubahatishi.

Penseli na daftari tunatoa lini? Watoto wengi huweza kuiga duara wakiwa na miaka 3, alama ya kujumlisha kwenye miaka 4, na mraba wanapokaribia 5. Asiyeweza mistari ya mshazari bado hawezi herufi k, hata ukimshikia mkono. Akifika hapo daftari linatoka, na wengi hulijaza kwa furaha. Ila kama mtoto ana miaka 5 na bado hafungui kifuniko cha chupa, anachoka upesi, au mkono mmoja ni dhaifu wazi kuliko mwingine, tutakuita tuzungumze na tutakushauri umwone daktari.

Yule mama alikaa mkekani nusu saa, akamaliza fungu zima la mchicha na mwanawe. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa tatu hadi saa tano asubuhi, wazazi wote mnakaribishwa kufanya vivyo hivyo. Njooni na magazeti ya zamani ya kuchana, vibanio vya nguo, na shati kuukuu lenye vifungo vikubwa.