Risala ya Chama cha Uanahabari kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Vyama vya Wanafunzi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, wanachama wa Bodi ya Usimamizi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Chama cha Uanahabari tunafurahi kukukaribisha hapa Eldoret, na furaha yetu imezidi kwa kuwa wewe ni mhariri wa habari redioni, kwani tuliyo nayo ya kusema mwaka huu yanakugusa wewe na wenzako kabla ya kumgusa mtu mwingine yeyote. Mada yetu ni jinsi vyombo vya habari vinavyosimulia dhuluma za kijinsia, na jinsi masimulizi hayo yanavyokaa vichwani mwa wasikilizaji.

Mgeni wetu, huu ni mji wa wanariadha, na misiba yao tunaiona kuwa yetu. Septemba 2021 Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mwezi uliofuata alipatikana nyumbani kwake Iten ameuawa kwa kudungwa kisu. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake katika Kaunti ya Trans Nzoia, akafariki siku chache baadaye katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, papa hapa mjini.

Habari nyingi kuhusu Cheptegei zilieleza, kwa kuwanukuu maafisa, kwamba yeye na aliyemshambulia walikuwa wakizozania kipande cha ardhi. Hatudai kwamba maelezo hayo yalikuwa ya uongo, wala kwamba mwandishi alipaswa kuyaficha. Tunachosema ni kwamba mzozo una pande mbili, na mtu akiusikia huanza kujiuliza kiwanja kilikuwa cha nani na nani alimkosea mwenzake, ilhali aliyeshika petroli alikuwa mmoja. Isitoshe, aliyeuawa hawezi kuhojiwa, kwa hiyo sababu inayotufikia mara nyingi ni ile iliyosemwa na walio hai.

Kwa nini tunaishikilia hoja hii ya sababu? Utafiti wa Kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2014 uliwauliza Wakenya kama mume ana haki ya kumpiga mkewe iwapo ameunguza chakula, amebishana naye, ametoka bila kumwambia, amewapuuza watoto au amemnyima unyumba. Asilimia 42 ya wanawake na asilimia 36 ya wanaume walikubali angalau sababu moja kati ya hizo. Tazama, Mheshimiwa, kwamba wanawake waliokubali walikuwa wengi kuliko wanaume. Jamii iliyozoea kukiandalia kipigo sababu itaipokea kwa urahisi habari inayoileta sababu hiyo katika sentensi ya kwanza, na mtoto anayesikiliza redio mezani hujifunza kuitafuta.

Tuliliona jambo hili waziwazi Januari 2024, wanawake walipouawa katika nyumba za kukodi za muda mfupi. Mitandaoni watu waliuliza marehemu walikuwa wakitafuta nini humo, na baadhi ya habari zikafuata mkondo huohuo kwa kueleza mavazi yao na picha walizokuwa wakizichapisha. Maandamano ya tarehe 27 mwezi huo, jijini Nairobi na katika miji mingine, yalikuwa jibu kwa mauaji, lakini pia yalikuwa jibu kwa maswali hayo. Michezo ya kuigiza ya runinga tunaigusa kwa ufupi tu: mke akizabwa kofi, kicheko hufuata.

Katika chama chetu hatuwafundishi wenzetu kuvichukia vyombo vya habari. Tunachukua habari moja na kuuliza: ni nani amenukuliwa, nani amenyamazishwa, mtendaji ametajwa au kitendo kimeachwa kijitende chenyewe, na je, picha hii ina haja gani? Kisha tunaiandika upya bila kubadilisha ukweli wowote. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyoonekana, na limetufanya tuheshimu kazi yako.

Tunafahamu pia kwamba kanuni za maadili zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinakataza kuwatambulisha waathiriwa wa dhuluma za kingono, na kwamba mwananchi anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Tume ya Malalamishi ya Vyombo vya Habari. Wazazi wengi tuliozungumza nao hawakuijua njia hiyo, na redio yako ingeweza kuwaeleza kwa dakika chache tu.

Kwa hiyo tunakuomba, Mheshimiwa, kila habari ya dhuluma itakayosomwa kituoni kwako imalizike kwa kutaja nambari 1195, ambayo mtu huipiga bila malipo kuomba msaada. Tunakuomba vilevile utupokee studioni muhula ujao, tukae na wahariri wako wakati vichwa vya habari vinapoandikwa. Nakala za habari tulizoziandika upya tumezifunga pamoja na risala hii, nasi tutashukuru ukizisahihisha kwa kalamu nyekundu bila kutuonea huruma.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Imesomwa na Katibu kwa niaba ya wanachama.