Vidonda vya tumbo: mbona bakteria hakutajwa?

Ndugu Mhariri,

Makala ya vidonda vya tumbo iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa afya iliandikwa kwa lugha nyepesi, na sina shaka imesomwa na wengi. Msongo wa mawazo ulitajwa, pilipili ikatajwa, kukaa na njaa, kahawa, hata hasira. Bakteria hakutajwa hata mara moja. Kisha msomaji akaambiwa ugonjwa huu ni wa kuishi nao, anywe tu dawa za kupunguza asidi kila maumivu yanapoamka. Mwaka 1975 ushauri huo usingemshtua mtu. Leo unamnyima mgonjwa nafasi ya kupona kabisa.

Mwaka 1979, Robin Warren, mtaalamu wa patholojia (uchunguzi wa magonjwa kwenye tishu za mwili) mjini Perth, Australia, alianza kuona kwa hadubini vijidudu vilivyojipinda kwenye vipande vya utando wa tumbo vilivyokatwa kwa wagonjwa. Madaktari walikuwa wamefundishwa kwamba asidi ya tumbo ni kali mno kwa kijidudu chochote kustawi humo. Mwaka 1981 akaungana na daktari kijana, Barry Marshall, na mwaka uliofuata bakteria huyo akaota maabarani, baada ya sahani za kumwoteshea kuachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Ndiye Helicobacter pylori. Hutengeneza kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia, amonia hiyo humpunguzia makali ya asidi, naye hujichimbia kwenye ute unaokinga ukuta wa tumbo. Ukuta ukishavimba na kinga yake ikalegea, asidi hupata pa kuuma.

Wengi hupenda kusimulia jinsi Marshall, mwaka 1984, alivyokunywa mchuzi wa bakteria hao ili awanyamazishe waliompinga. Kisa ni kitamu, lakini husimuliwa kwa chumvi: alipata kichefuchefu na uvimbe wa tumbo, hakupata kidonda. Kwa maoni yangu, kilichowashinda wapinzani hasa ni tafiti za miaka iliyofuata, kazi ya kuchosha isiyo na sinema. Wagonjwa walioponyeshwa kidonda kwa dawa za asidi peke yake, wengi wao kilirudi ndani ya mwaka. Walioondolewa bakteria kwa antibayotiki, kwa walio wengi hakikurudi. Mwaka 2005 Warren na Marshall wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Jambo hili basi si uvumi mpya ambao mwandishi wenu angeweza kusema hajaufikia.

Nimtendee haki mwandishi. Msongo wa mawazo na vyakula vikali vinaweza kumzidishia mtu maumivu, na kumshauri aviepuke si kosa. Tena kuwa na bakteria huyu si sawa na kuwa na kidonda: amekadiriwa kuishi kwenye matumbo ya karibu nusu ya watu duniani, na wengi wao hawaumwi chochote. Na si kila kiungulia ni kidonda. Wako wanaojiita wagonjwa wa vidonda kwa miaka ilhali hawajawahi kupimwa kwa kamera. Lakini bakteria, pamoja na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ndio chanzo cha sehemu kubwa ya vidonda. Hizo dawa za maumivu nazo sikuziona kwenye makala. Mtu anameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, tumbo linawaka, anaongeza ya kupunguza asidi juu yake, na hakuna aliyemuuliza.

Vipimo vilistahili makala yake peke yake. Kipimo cha damu huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria. Hubaki chanya muda mrefu hata baada ya kupona, kwa hiyo hakifai kujua kama dawa imefanya kazi. Kinachoonyesha maambukizi ya sasa ni kipimo cha kinyesi, au cha pumzi: mgonjwa hunywa urea iliyotiwa alama, na bakteria akiwepo huivunja, alama ikatokea kwenye hewa anayoitoa. Daktari pia anaweza kuchukua kipande cha utando wakati wa endoskopia, yaani kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni. Ila mgonjwa akipimwa huku bado anameza omeprazoli, mojawapo ya dawa za kupunguza asidi, majibu yanaweza kudanganya. Kwa kawaida dawa za aina hiyo husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki 4, kwa maelekezo ya daktari.

Tiba yenyewe si kidonge kimoja. Ni dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili au zaidi, mara nyingi kwa siku 14, na wakati mwingine huongezwa bismathi, dawa inayokinga ukuta wa tumbo. Inachosha. Mdomo hujaa ladha ya chuma, tumbo huchafuka, na wengi huacha katikati wakishapata nafuu. Hapo ndipo usugu, yaani bakteria kutosikia tena dawa, unapopata mlango. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka Helicobacter pylori sugu kwa klarithromaisini, mojawapo ya antibayotiki za tiba hii, kwenye orodha ya vijidudu vinavyohitaji dawa mpya kwa haraka. Kununua antibayotiki kwa kubahatisha, kwa sababu jirani alipona nazo, kunazidisha tatizo hilo hilo.

Mwenye kinyesi cheusi kama lami, anayetapika damu, anayekonda bila sababu au anayeshindwa kumeza asisubiri makala yoyote. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ninaloomba, Mhariri, ni ukurasa wa afya uirudie mada hii, na safari hii aulizwe bingwa wa magonjwa ya mfumo wa chakula: mtu aliyemaliza dozi yake arudi lini kupimwa tena, na kwa kipimo gani? Miongozo ya tiba inasema asirudi kabla ya wiki 4 tangu amalize antibayotiki, na kipimo kiwe cha pumzi au cha kinyesi. Wasomaji wengi waliokwisha kutibiwa hawajawahi kuambiwa hata kwamba wanatakiwa kurudi.

Msomaji wenu