Mwamko Tulikuwa Nao, Fomu Ndizo Hatuzielewi

Mhariri,

Miaka yote nanunua gazeti lako na sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari yenu ya juma lililopita, kwamba sisi wa Mombasa hatuna mwamko wa kununua hisa, imenikera mpaka nimeshika kalamu.

Mwamko tulikuwa nao. Mwaka 2008 hisa za kampuni ya simu ya Safaricom zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5, nilipanga foleni tangu alfajiri. Kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000, na mimi ni muuza vitunguu Kongowea. Nikauza bangili yangu ya harusi. Waombaji walizidi, tukapewa sehemu tu ya tulichoomba, na mwaka haukuisha bei ikawa chini ya zile shilingi 5. Hayo niliyakubali. Hata vitunguu huoza.

Nisichokubali ni cha Jumatatu. Gawio langu la mwanzo, yaani sehemu ya faida anayopewa mwenye hisa, lilikuwa likija kwa hundi, kwenye sanduku la posta tuliloliacha tulipohama Majengo kwenda Kisauni. Gawio likikaa miaka 3 bila kudaiwa, sheria ya 2011 inataka lipelekwe kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa. Basi pesa zipo. Nikaenda kwa dalali mmoja wa hisa hapa mjini na karatasi yangu ya 2008, naiweka ndani ya mkebe wa biskuti, imeshaingia manjano pembeni. Kijana wa kaunta hakuinua hata uso. Akanisukumia fomu, kurasa zote Kiingereza. Nikamwambia, "Mwanangu, nisomee hapa ninapotakiwa kutia sahihi." Akanijibu, "Mama, kama huelewi tafuta wakili." Wakili, kwa pesa ambazo pengine hazifiki elfu tatu! Nyuma yangu palikuwa na mzee aliyevuka feri ya Likoni na fimbo yake, akifuatilia hisa za marehemu mkewe. Aliposikia hivyo akakunja bahasha yake, akatoka. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Kwa nini basi mtu adai haki yake kwa lugha asiyoisoma?

Na bajeti ni hivyo hivyo. Kodi ya unga na mafuta inatangazwa kwa Kiingereza, na walioipitisha ndio hao wanaokuja sokoni wakati wa kura, Kiswahili kimewajaa mdomoni.

Ninachotaka ni hiki: Posta ya Digo Road, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, akae karani mmoja na meza, fomu za Kiswahili na mashine ya kutoa nakala za vitambulisho bure. Aanze saa 4, malori ya sokoni yakishapakuliwa. Nawe mhariri, chapisha kwa Kiswahili namna ya kudai gawio, hatua kwa hatua, ukurasa ule ule mliotuandikia kuwa hatuna mwamko. Nitanunua nakala 2, moja niibandike kibandani kwangu.

Mama muuza vitunguu,
Kongowea, Mombasa