Mjomba hakuwa mpiga picha, alikuwa mhariri wa picha

Mhariri,

Hapa kwa kaunta ya studio yangu kuna gazeti la wiki tuliyomzika mjomba. Si lenu, ni lingine, na silitaji jina juu sitaki kuanza vita na mtu na matanga hayajapoa. Kwenye ukurasa wa vifo wameweka picha yake na chini wameandika "mpiga picha mkongwe". Nimesoma hayo maneno mara kama kumi. Mjomba hakuwa mpiga picha. Kamera alikuwa nayo moja tu, nzee, ya harusi za ndugu, na hizo harusi zilikuwa zinatoka bibi harusi hana kichwa, tunacheka mpaka leo. Yeye alikuwa mhariri wa picha, na najua wengi hawajui hio ni kazi gani, hata majirani huku mtaa wa Section 58, Nakuru, walikuwa wanamwita mzee wa gazeti na kuna mmoja aliamini miaka yote kwamba alikuwa anauza magazeti pale stesheni.

Sasa wacha nieleze vile alinieleza mimi. Zamani filamu moja ilikuwa na picha 36. Mpiga picha akitoka kwa mkutano wa siasa pale uwanja wa Afraha, Nakuru, na filamu tatu hio ni picha mia na kitu, na gazeti lina nafasi ya moja. Mtu anayeinama kwa meza ya taa, lenzi ndogo jichoni, penseli nyekundu ya nta mkononi, akapitia zote mia na kuzungushia duara hio moja ambayo nchi nzima itaamka nayo asubuhi, huyo ndiye mjomba. Filamu ya Nakuru ilikuwa inawekwa kwa bahasha, inapewa dereva wa Peugeot na pesa kidogo ya chai, kilomita kama 160 mpaka Nairobi, na gari likipata pancha Naivasha basi ukurasa wa kwanza unangoja na watu wa mitambo wanatukana.

Aliingia kwa hio kazi akiwa kijana wa chumba cha giza, wa kuchanganya dawa na kuosha picha. Jumamosi ile ya tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Government Road, siku hizi ni Moi Avenue, mjomba alikuwa na miezi michache tu kazini, na alikuwa anasema ndio siku alijua kuna picha utaosha huku unalia na jicho lingine liko kwa saa usije ukaiunguza.

Miaka ya themanini shule zikifungwa mama alikuwa ananituma Nairobi nikae kwake na usiku mmoja akanipeleka kazini. Kwa giza, taa ni ile nyekundu tu, nikasikia "kijana leta haipo". Nikauliza nini haipo mjomba. Wanaume watano wakaangua kicheko sikuwaona hata meno. Kumbe haipo, kwa Kiingereza hypo, ndio dawa yenyewe, ile ya mwisho, picha ikitoka kwa dawa ya kwanza lazima ipitie haipo ndio ikaze, usipoitia ukiitoa kwa mwanga inazidi kuwa nyeusi mpaka huoni mtu. Weka hilo neno kichwani Mhariri, nitalirudia.

Kitu kilichofanya watu wamuogope ofisini ni majina. Picha bila jina la mtu kwake ilikuwa kama mgeni aliyeingia kwa nyumba bila hodi. Mpiga picha analeta picha kali, mama analia nyumba yake imeungua, kapsheni, yale maneno ya chini ya picha, inasema "mwanamke akilia", mjomba anamrudishia. "Huyu mama hana jina? Ulimpiga picha bila hata kumsalimia?" Saa mbili usiku, kijana anarudishwa Kariobangi kutafuta jina. Alipenda sana kutuambia habari ya Horst Faas, Mjerumani aliyekuwa mhariri wa picha wa shirika la habari la AP kule Saigon wakati wa vita vya Vietnam, ambaye mwaka wa 1972 alisisitiza ile picha ya msichana anayekimbia moto wa napalm itumwe New York ingawa msichana alikuwa uchi na sheria ya shirika ilikuwa inakataa. Lakini mjomba hakuwa anamalizia hapo kama watu wengine, alikuwa anasema: na yule msichana anaitwa Kim Phuc, na mnajua anaitwa Kim Phuc juu kuna mtu aliuliza.

Na hapa kwetu kila mtu anamjua mpiga picha Mohamed Amin, Mo wetu wa Nairobi, aliyeonyesha dunia njaa ya Korem kule Ethiopia Oktoba 1984, akapoteza mkono Addis Ababa 1991, akafa Novemba 1996 ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Anastahili, simuonei wivu. Lakini nitajie mhariri wa picha mmoja tu wa Kenya. Ndio hivyo.

Mwisho wa Januari 2008 fujo za baada ya uchaguzi zilipofika huku Nakuru na watu wakajaa pale uwanja wa maonyesho, mjomba alikuwa ashastaafu. Akaona kwa gazeti picha ya mama amebeba godoro na mtoto, kapsheni inasema "wakimbizi". Ati wakimbizi, kwani wametoka Sudan? Akachukua lile gazeti na daftari akaenda kambini, anti akamlilia asitoke, akatoka. Alizunguka mahema siku tatu akionyesha watu picha. Siku ya tatu akarudi na jina la mama, jina la mtoto, na darasa alilokuwa anasoma. Hakuna mtu alimtuma na hakuna aliyechapisha. Aliandika pembeni ya nakala yake akaiweka kwa sanduku.

Ugonjwa ulianzia hapo hapo kwa majina. Nyuso alikuwa anazijua, jina ndio halitoki, ananiita kijana, anamwita anti "wewe mama", sisi tunaona ni mzaha wa wazee. Halafu nikagundua gazeti la Jumapili amezungushia picha moja mara tano, duara juu ya duara, kila mara akidhani ndio anaiona mara ya kwanza. Kliniki ya kwanza walituambia ni uzee, mpeni matunda. Tukapoteza mwaka mzima na hayo matunda. Daktari wa pili alimpa karatasi akamwambia achore saa. Mjomba akachora duara safi kabisa, safi kuliko lile la daktari, ni miaka ya kuzungushia picha hio, halafu namba zote kumi na mbili akazirundika upande mmoja kama abiria wa matatu. Anti aliangalia pembeni.

Tukaambiwa ni Alzheimer. Daktari alijitahidi kueleza, kwamba kuna protini zinaganda kwa ubongo, zinaanza mapema na sehemu ndogo inayoshika mambo mapya, ndio maana ya jana yanapotea na ya 1969 bado yako, kwamba kuna dawa za kusaidia dalili kwa muda lakini za kuponya hakuna. Mjomba alikuwa amekaa kimya nikadhani hafuati. Akanigeukia akasema, "Kwa hivyo haipo imeisha." Daktari akauliza nini haipo. Nilicheka na machozi yakanitoka palepale kwa kiti na sikuweza kumtafsiria.

Nikaanza kusoma usiku kwa simu, na kuna kitu nilikipata nikatamani ningempa akiwa mzima. Huyu Alois Alzheimer, daktari Mjerumani, mgonjwa wake wa kwanza kuelezwa mbele ya madaktari wenzake mwaka wa 1906 alikuwa mama wa Frankfurt, na walimpiga picha, iko mpaka leo, amekaa kitandani amekunja uso. Akiambiwa aandike jina lake alikuwa anaanza, anasahau, anaacha hapo. Na miaka mingi vitabu vya madaktari vilimwita Auguste D. tu. D nukta. Jina lake kamili ni Auguste Deter na faili lake lilikuja kupatikana tena mwaka wa 1995. Mjomba angewarudishia hio kapsheni.

Saa ngumu ilikuwa jioni. Wanasema wagonjwa wengi wa hali hii wanahangaika jua likishuka, lakini mtu aliyefanya kazi ya gazeti jioni ndio asubuhi yake. Ikifika saa kumi na moja anatafuta koti. Ukurasa wa kwanza uko wapi, bahasha ya Kisumu imefika, nani amekaa na funguo. Tukimfungia anagonga mlango mpaka mkono unavimba. Usiku mmoja alitoka, tukampata karibu na Free Area kando ya barabara kuu, malori yanapita, anatembea kuelekea Nairobi na slipa za kuogea, anaongea peke yake. Vijana wa bodaboda walikuwa wamemzunguka, wema tu, mmoja alimvika jaketi lake. Nashukuru ilikuwa ni wao. Hapo Kisii mwaka wa 2021 akina mama wanne wazee waliuawa kwa kuitwa wachawi, na mzee anayezunguka usiku akiongea na watu wasioonekana, ni mtu mmoja tu anatakiwa kusema neno baya.

Baada ya hapo nikaacha kubishana na yeye. Ikifika hio saa nafunga studio mapema, nabeba bahasha ya picha zangu, za harusi, za graduesheni, za pasipoti zilizoharibika, nagonga mlango wa mbele kama mtu wa basi. "Mzee, bahasha imefika." Unaona mabega yanashuka. Anakaa mezani, anti anawasha taa, nampa penseli nyekundu, na anafanya kazi saa nzima ametulia.

Na Mhariri, alikuwa bado anajua. Hii ndio kitu nilitaka lile gazeti liandike. Hakujua mwaka, hakujua mimi ni nani, lakini nilimpa picha sitini za harusi ya Langalanga, akasukuma kando hamsini na saba akabaki na tatu. Moja ilikuwa ya baba ya bibi harusi amekaa peke yake nyuma ya hema ameshika kiatu kimoja. Mimi nilikuwa nimeitupa, kwani harusi na kiatu wapi na wapi. Miezi ikapita, yule baba akaaga, na mama akaja studio kuniuliza kama nina picha yoyote ya mzee wake akiwa ametulia hivi, si zile za kusimamishwa kwa laini. Nikamtolea hio. Alisimama hapo kaunta mpaka mteja mwingine akaondoka.

Wiki iliyopita tumefungua sanduku. Picha za kazi ambazo alibaki nazo zote zina maandishi nyuma, jina, mahali, tarehe, kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu kuna picha za familia. Tupu. Tupu kabisa, hakuna hata herufi. Nimekaa nazo usiku mzima nikimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Si alikuwa anawajua, ataandika ya nini. Kuna moja ya msichana amesimama mbele ya stesheni ya reli ya Nakuru, gauni la maua, anamchekea mtu aliyeshika kamera. Anti anasema si yeye na alivyosema hivyo sikuuliza tena, mama yangu anasema si yeye. Nilikuwa nimemuonyesha mjomba mwaka jana. Aliishika akaiangalia muda mrefu sana, mdomo ukawa unataka kutoa kitu, nikashika pumzi. Akaweka kidole kwa picha akasema, "Hii nguzo ya kushoto, kata."

Kwa hivyo siombi mtu aombe radhi kwa lile neno mpiga picha, wamekosea na imeisha. Ninachoomba, na nawaomba nyinyi pia, ni kwamba kila gazeti hapa Kenya lina makabati ya picha za zamani na nyingine zimeandikwa tu "mkutano, Kisumu" ama "wakulima". Walioshika hizo bahasha wamestaafu, wako Nakuru, wako Kakamega, wako Butere, wanakunywa chai kwa veranda. Tumeni kijana mmoja na picha hamsini na daftari, aende na mkate. Aende asubuhi, si jioni.

Nimeambatisha picha yake niliyopiga mimi, kwa meza, penseli mkononi. Mkiichapisha msikate upande wa kulia, ule mkono unaoshika taa ni wa anti. Majina yao yote mawili nimeandika nyuma kwa penseli ya kawaida, juu alitufunza wino huvuja mpaka mbele.

Mpwa wake,
Nakuru