Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, na hii ishu ya alama za vidole

Habarini wanachama wote, wazee wetu shikamooni. Mambo ya hela mtasomewa na mhazini, mi nitasema tu waliofiwa mwaka huu walipata rambirambi zao kwa wakati, na ada jamani tulipe, tusisukumane kama watoto.

Kilichotukalisha vikao vingi mwaka huu ni alama za vidole. Simu nimepigiwa mpaka usiku, mama anauliza eti mwenyekiti, kijana wangu kachukuliwa vidole Kent, Seattle nao wataviona? Wataviona mama, na sio Seattle tu. Hapa King County, jimbo la Washington, kila mji una polisi wake, Tukwila wake, Renton wake, lakini mfumo wa vidole wanatumia mmoja wa kaunti, tangu 1986 wapiga kura walipokubali kodi ya nyumba ndio iulipie, manake kamji kadogo peke yake kasingeweza kununua mitambo na kuajiri wataalamu wa kukaa kulinganisha vidole mchana kutwa. Kura ya 2018 iliweka senti 3 na nusu kwa kila dola 1,000 ya thamani ya nyumba, yani nyumba ya dola 600,000 ilikuwa kama dola 21 kwa mwaka. Kwa hiyo wenye nyumba humu ndani msiogope kuuliza, hela yenu iko mle.

Na mimi sio mpinzani wa huo mfumo, mwizi akivunja gari Renton leo na Burien kesho anaunganishwa na kidole kimoja, hilo ni jema. Tatizo ni safari ya hicho kidole baada ya hapo. Mtu akiingizwa jela vidole vinaenda jimboni, vinaenda FBI, na kutoka FBI vinapitishwa kwa watu wa uhamiaji. Mpango huo ulianzia Harris County, Texas, 2008, Obama akauondoa 2014, Trump akaurudisha 2017, Biden akauondoa 2021, Trump karudisha tena 2025, majina yanabadilika lakini kompyuta zenyewe hazijaacha kuongea. Sheria ya Washington ya 2019 inawabana polisi wa hapa wasifanye kazi ya uhamiaji, sawa, ila haizuii vidole kufika FBI. Ndio maana kamati inasisitiza, usiye na makaratasi yaliyokamilika ongea na wakili wa uhamiaji KABLA ya kukubali kosa lolote kortini, hata kosa dogo la kuendesha bila leseni.

Wengine wanasema mashine haikosei. Mashine inatoa orodha tu ya wanaofanana, anayeamua ni binadamu. Jirani zetu Oregon, wakili Brandon Mayfield alikamatwa 2004 akidaiwa kuhusika na mabomu ya treni ya Madrid kwa sababu ya alama ya kidole, alikuwa wa nne kwenye orodha ya watu 20, wataalamu wa FBI wakaapa ni yeye, kakaa ndani kama wiki mbili mpaka polisi wa Hispania walipompata mwenye kidole chake, na serikali ikaja kumlipa dola milioni 2.

Sasa nyie mnaolea wazee na mnaofanya usafi, najua wengi vidole vya kuombea kazi vinarudishwa havisomeki. Sabuni na dawa zinakula mistari. Siku chache kabla vaa glavu, paka losheni usiku, lakini asubuhi ya kupimwa usipake kitu, na yule anayekubingirishia kidole kwenye kioo toka ukucha hadi ukucha mwachie mkono ulegee, ukikaza kinateleza na alama inatoka ukungu. Vikikataliwa mara mbili FBI wanaweza kuombwa waangalie kwa jina, kwa hiyo msikubali kuambiwa kazi basi.

Anayetaka kujua FBI wana nini juu yake aombe rekodi yake mwenyewe, ni dola 18, ndio hiyohiyo wengi mnaitumia mkiombwa cheti cha tabia njema. Na aliyeshinda kesi au kesi ikafutwa, sheria ya jimbo ina nafasi ya kuomba rekodi iondolewe baada ya muda fulani, sio kila mtu anakubaliwa ila kuomba ni haki yako.

Kamati mpya naiomba ipate wakili wa kuja kuongea na vijana, mana wao ndio wanasimamishwa barabarani. Fomu za kugombea anazo katibu, mimi sigombei tena.