Barua ya kufunga shule: ngozi za sikukuu msizitupe

Wazazi na walezi, habari za majukumu. Tunafunga Ijumaa hii, ripoti mje kuzichukua wenyewe kwa walimu wa darasa kuanzia saa 3 asubuhi, tafadhali msimtume mtoto wa jirani. Hayo mengine ni ya kila mwaka, mimi nataka kuongelea ngoma.

Mliokuja mahafali mlijionea. Wasichana wamejipanga vizuri, muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, uko katikati ya miguu, mzunguko wa kwanza safi kabisa, wa pili ile ngoma kubwa ikaanza kulia kama ndoo, kumbe ngozi ilishachanika pembeni tukaiziba na gundi. Zeze nalo uzi ulikatika, mwalimu wa muziki kafunga waya wa breki ya baiskeli, linalia kama bawaba yenye kutu. Jamani sisi ni Dodoma, marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, katoka huku huku akapeleka zeze na ilimba (ile marimba ya vidole) mpaka Ulaya, halafu sisi mwakani twende UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na ngoma ya gundi?

Najua kuna atakayesema si elimu bila ada toka 2016. Ni kweli, na hii sio ada. Ruzuku ikija inaishia kwenye chaki, mitihani na vyoo, ngoma haifikiwi. Kamati ya shule ilikaa, fundi anataka 240,000 kwa kuwamba ngoma nne na kurekebisha zeze, ngozi tutafute wenyewe. Mwenye chochote ampe mhazini wa kamati na adai risiti, asiye nacho mtoto wake hatarudishwa nyumbani wala kutajwa mstarini, walimu nimeshawaambia.

Ila kwa kweli ngozi ndo zinanikosesha usingizi kuliko hela. Krismasi hii mtachinja, na kila mwaka naona ngozi zinaliwa na mbwa. Ya mbuzi inafaa ngoma ndogo, ile kubwa inataka ya ng'ombe. Mchunaji awe mpole na kisu, tundu dogo tu ikivutwa linakuwa dirisha. Msipake chumvi, fundi anasema inavuta unyevu, iwambeni chini kwa vigingi sehemu yenye kivuli mpaka ikauke. Nywele acheni, atanyoa mwenyewe.

Mlinzi yupo shuleni likizo nzima, atapokea na kuandika jina lako kwenye daftari. Mzee aliyeniahidi mbuzi wawili siku ya kikao, mimi sijasahau.

Mwalimu Mkuu